Kikomo cha Betz: kwa nini hakuna mtambo unaoweza kuuvuna upepo wote

Kikomo cha Betz ni kiwango cha juu kabisa cha nishati ambayo mtambo wa upepo unaweza kuivuna kutoka kwenye upepo unaouelekea. Kiwango hicho ni 16/27, yaani asilimia 59.3. Hakitokani na udhaifu wa vyuma wala uzembe wa fundi. Hata ukipatikana mtambo usio na msuguano wowote, wenye mapanga yaliyochongwa bila kasoro, utaishia hapo hapo.

Sababu ni kwamba hewa iliyokwisha kutoa nishati yake lazima iondoke. Nishati ya upepo imo katika mwendo wake. Ukitaka kuichukua yote, itabidi uusimamishe upepo kabisa nyuma ya mapanga. Lakini hewa iliyosimama huziba njia, na ile inayofuata hukwepa na kupita pembeni. Ukiiacha ipite na kasi yake yote, nayo haikuachii kitu. Ni kama ushuru wa getini sokoni: ukiwa mdogo mno hupati fedha, ukiupandisha mno wafanyabiashara wanatafuta njia nyingine. Kati ya hizo pande mbili kuna mahali ambapo mapato huwa makubwa kuliko kwingine kote.

Betz alipapata mahali hapo kwa hesabu. Mavuno huwa makubwa zaidi pale ambapo upepo, ukishapita mtambo, unabakiwa na theluthi moja ya kasi yake ya awali. Penye mapanga yenyewe kasi huwa wastani wa ile ya mbele na ile ya nyuma, yaani theluthi mbili. Inafaa kuifuata hesabu hii hatua kwa hatua, kwa kuwa ni fupi na inapendeza. Nishati ya mwendo hufuata mraba wa kasi. Hewa iliyobaki na theluthi ya kasi imebaki na sehemu moja tu ya tisa ya nishati. Nyingine 8/9 imeitoa. Lakini kwa kuwa mapangani inapita kwa theluthi mbili ya kasi, hewa inayopita ni theluthi mbili tu ya ile ambayo ingepita hapo kama pasingekuwa na mtambo. Zidisha 2/3 kwa 8/9, unapata 16/27.

Albert Betz alikuwa mwanafizikia wa Ujerumani, aliyefanya kazi Göttingen pamoja na Ludwig Prandtl, mmoja wa waasisi wa elimu ya mwendo wa hewa. Matokeo haya aliyachapisha mwaka 1920. Kwa haki, hakuwa peke yake: Frederick Lanchester wa Uingereza alikuwa amefika karibu na jibu hilo mwaka 1915, na Nikolai Zhukovsky wa Urusi alilitoa mwaka huo huo wa 1920. Ndiyo maana baadhi ya wataalamu hukiita kikomo hiki kwa majina yote matatu, na mimi naona wanatenda haki. Mchango mkubwa wa Betz ulikuwa kuitoa hesabu kwenye karatasi na kuipeleka kwenye mapanga. Kitabu chake cha mwaka 1926 kuhusu nishati ya upepo kilieleza jinsi ya kuunda mtambo unaokikaribia kikomo hicho, na msingi wake bado unafundishwa vyuoni.

Tuchukue mitambo ya Ziwa Turkana, katika kaunti ya Marsabit nchini Kenya. Iko 365, kila mmoja una uwezo wa kilowati 850, na duara la mapanga yake lina kipenyo cha mita 52. Upepo ukivuma mita 10 kwa sekunde, na hewa ya huko, iliyo na joto, tuikadirie kuwa na uzito wa kilo 1.1 kwa kila mita ya ujazo, nguvu inayopita katika duara hilo ni kama kilowati 1,170. Kikomo cha Betz kinaruhusu zipatikane kilowati 690 hivi. Mitambo mizuri ya siku hizi, ikiwa katika hali yake bora, huvuna kati ya asilimia 40 na 50 ya nguvu ya upepo.

Kwa hiyo ukisikia mtambo unavuna asilimia 45, usidhani asilimia 55 imepotea bure. Zaidi ya asilimia 40 haikuwa ya kuvunwa tangu mwanzo. Ukiulinganisha na kikomo, mtambo huo umefikia robo tatu ya safari. Na muuzaji akikuambia kifaa chake kinavuna asilimia 80, muulize anapima eneo gani. Wengine hufunga bomba pana linalokusanya upepo, kisha wanahesabu eneo la mapanga tu na kuliacha eneo la mdomo wa bomba, ambao ndio unaoukamata upepo.

Kwa kuwa asilimia haiwezi kusogezwa mbali tena, wahandisi wamehamia kwenye ukubwa wa duara na kasi ya upepo. Kipenyo kikiongezeka mara mbili, nguvu huongezeka mara nne. Kasi ikiongezeka mara mbili, nguvu huongezeka mara nane. Ndiyo sababu minara inazidi kurefuka kuufuata upepo wa juu, na mitambo mikubwa inapelekwa baharini, ambako mmoja kama V236 wa kampuni ya Vestas una kipenyo cha mita 236.