Je, wajua kwa nini muhula wa pili wa kemia ogania, yaani kemia ya misombo ya kaboni, huwaangusha hata waliofaulu wa kwanza?

Aliyefanya vizuri muhula wa kwanza mara nyingi huingia wa pili na mbinu zilezile: kadi za kukariri, upande huu kitendanishi, yaani kemikali inayotumika kuanzisha mmenyuko, upande ule zao lake. Wiki chache tu, kadi zimekuwa rundo. Kisha mtihani unaleta molekuli ambayo haimo kwenye kadi hata moja.

Muhula wa kwanza huvumilia kukariri kwa sababu mada zake ni chache: alkeni, halidi za alkili, umbo la molekuli katika nafasi. Wa pili unamwaga familia za aldehaidi, ketoni, asidi za kaboksili, esta, amidi, amini na benzini, na mimenyuko mingi imepewa majina ya watu. Hakuna kichwa kinachobeba yote hayo kama orodha. Ila sehemu kubwa ya orodha hiyo ni tukio moja linalojirudia, na anayekariri ndiye wa mwisho kuligundua.

Tukio lenyewe hutokea kwenye kundi la kabonili, yaani kaboni iliyoshikana na oksijeni kwa bondi mbili. Oksijeni ni mroho wa elektroni. Inazivuta upande wake, kaboni inabaki na upungufu, na chochote chenye jozi ya elektroni za kugawa kinaivamia kaboni hiyo. Moja ya zile bondi mbili inavunjika, elektroni zake zinahamia kwa oksijeni. Baada ya hapo unauliza swali moja tu: je, kaboni hiyo imeshika kitu kinachoweza kuachiliwa?

Kwenye aldehaidi na ketoni, jibu ni hapana. Hidrojeni na kaboni haziondoki kirahisi, kwa hiyo mvamizi anabaki na mara nyingi unaishia na alkoholi. Kwenye esta, jibu ni ndiyo: kipande kinatoka, na bondi mbili inarudi. Chukua sasa kitendanishi cha Victor Grignard, Mfaransa aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1912, ambacho ni kaboni iliyoungwa na magnesi na yenye elektroni za kugawa, ukiweke kwenye esta. Kinavamia, kipande kinatoka, na kilichobaki ni ketoni, ambayo ni rahisi kuvamiwa kuliko esta uliyoanza nayo. Inavamiwa tena papo hapo. Ndiyo maana alkoholi inayopatikana huwa na vikundi viwili vinavyofanana kutoka kwa Grignard. Aliyekariri zao huandika kikundi kimoja, na alama zinakwenda.

Swali hilohilo linapanga familia nzima. Kloridi ya asetili, ambayo klorini yake huondoka kwa urahisi, hutoa moshi mweupe ukifungua chupa yake kwenye hewa yenye unyevu, maana maji ya hewani tu yanatosha kuivunja. Esta ni wapole zaidi. Aspirini ni esta, na kopo lililokaa muda mrefu likipata unyevu hunuka siki: maji yameng'oa kipande cha asetili, kikawa asidi asetiki. Amidi ndizo sugu kupita zote, kwa sababu nitrojeni inaigawia kabonili elektroni zake na kupunguza ule upungufu. Protini zimeungwa kwa bondi za amidi, na bondi ya aina hiyo ikiachwa kwenye maji tu, bila asidi wala kimeng'enya, inaweza kukaa mamia ya miaka. Penisilini nayo ina amidi, lakini imebanwa ndani ya pete ya atomu 4, nitrojeni haipati nafasi nzuri ya kugawa elektroni, na pete iko tayari kufunguka. Inafungukia kwenye kimeng'enya ambacho bakteria hukitumia kujenga ukuta wake. Kimeng'enya kinakwama.

Benzini ina hesabu yake tofauti, inastahili sura yake na haisumbui sana ikishaeleweka. Kinachowachanganya watu kweli ni hidrojeni zilizo kwenye kaboni jirani na kabonili. Uasidi hupimwa kwa pKa: ikiwa ndogo, uasidi ni mkubwa, na kila namba moja ni mara kumi. pKa ya ethani, isiyo na kabonili, ni kama 50. Ya asetoni, ambayo ni ketoni, kama 20. Yaani kabonili imeongeza uasidi wa jirani yake kwa vipeo 30 vya kumi. Besi, yaani kinyume cha asidi, ikiing'oa hidrojeni hiyo na kuacha elektroni zake nyuma, kaboni jirani inageuka mvamizi. Molekuli moja ya aldehaidi sasa inaweza kuivamia mwenzake wa aina ileile. Huo ndio mmenyuko wa aldoli, uliogunduliwa mwaka 1872 na wanakemia Charles Wurtz na Aleksandr Borodin. Huyu Borodin ndiye yule mtunzi wa muziki, kemia ndiyo iliyokuwa kazi yake.

Basi mtu asome vipi? Kwa mishale iliyopinda ya kuonyesha safari ya elektroni, ambayo mwanakemia Robert Robinson alianza kuitumia mwaka 1922. Mshale huanzia elektroni zilipo na kuishia zinapokwenda, kamwe si kinyume. Funga daftari, chora mmenyuko mzima kwenye karatasi tupu, kila jozi na kila chaji. Kusoma utatuzi uliokwisha kuandikwa na kutikisa kichwa kwamba umeelewa ni kujidanganya, nasema hivyo bila kupepesa macho.

Maswali ya usanisi, yaani ya kuunda molekuli kutoka vipande vidogo, nayo husomwa kuanzia mwisho, mtindo ambao mwanakemia E. J. Corey aliupangia kanuni na kupewa Nobel mwaka 1990. Ukiona kabonili, na OH (oksijeni yenye hidrojeni, alama ya alkoholi) imekaa kwenye kaboni ya tatu ukiihesabu ile ya kabonili kuwa ya kwanza, shuku aldoli. Kata bondi kati ya kaboni ya pili na ya tatu, igeuze OH iwe kabonili, na hivyo vipande viwili ndivyo vya kwenda kuomba stoo.