Kabla ya kubadilisha sensa ya presha, isome kwanza

Taa ya injini ikiwaka na mashine ya kusoma hitilafu ikatoa kodi (namba za hitilafu) P0106, P0107 au P0108, wengi hukimbilia kununua sensa mpya ya presha ya manifoldi, yaani bomba linalogawa hewa kwenye silinda, ile tunayoiita MAP. Mimi husema subiri. Kodi hizo zina maana kwamba kompyuta ya injini haiiamini namba iliyoipata. Kama ni sensa iliyokufa au ni kitu kingine, hilo bado halijajulikana.

Ndani ya sensa mna kiwambo chembamba cha silikoni. Upande mmoja kuna chumba kidogo cha ombwe kilichozibwa kabisa. Upande wa pili inaingia hewa ya manifoldi. Hewa ikisukuma, kiwambo hupinda kidogo mno, na vikinzani vinne vilivyomo juu yake hubadilika: viwili huongeza ukinzani, viwili hupunguza. Vimeunganishwa kwa mtindo wa daraja la Wheatstone, saketi ya vikinzani vinne inayoonyesha tofauti ndogo ya ukinzani, hivyo mabadiliko hayo hutoa umeme wa milivolti chache tu, ambao saketi ya humo humo huukuza. Waya mmoja huleta volti 5, mwingine ni ethi, wa tatu hupeleka ishara, mara nyingi kati ya volti 0.5 na 4.5.

Lile ombwe ndilo linalonifurahisha zaidi, kwa sababu linatupa kipimo cha bure. Sensa hupima presha kamili, kuanzia sifuri ya kweli. Kwa hiyo washa swichi bila kupiga stata: lazima isome presha ya anga ya mahali ulipo. Usawa wa bahari ni kama kilopaskali 101. Kwenye mwinuko wa mita 2,000 ni karibu 80. Ikisoma hivyo, kisha injini ya petroli iliyopata moto ikiwa sailensa, yaani inazunguka bila kukanyagwa mafuta, namba ikashuka hadi kama 30 au 40, sensa hiyo ni nzima, iache.

Tuseme sasa kwenye sailensa inasoma 60. Mpira uliopasuka baada ya throto, ile vali inayofungua njia ya hewa ukikanyaga mafuta, unaingiza hewa, au mkanda wa taimingi umeruka jino, na manifoldi imepoteza mvuto wake. Kompyuta huchukua presha hiyo, mizunguko ya injini na joto la hewa, ikakadiria hewa iliyoingia kwenye silinda, kisha ikapima petroli, takriban gramu 1 kwa kila gramu 14.7 za hewa. Presha ikiwa juu, mafuta yanaongezwa. Gari linakula mafuta, sensa inalaumiwa, na yenyewe imesema kweli tupu!

Dizeli za komoni reli, zenye bomba moja la presha kubwa linalolisha nozeli zote, zina sensa nyingine ya presha kwenye reli, yenye kiwambo cha chuma, maana humo presha hufika bar 1,600, 2,000 na zaidi. Hapo usifungue paipu injini ikiwa inazunguka; mchirizi wa dizeli hutoboa ngozi.

Ikiwa MAP imegoma kwenye kipimo cha swichi, chomoa plagi, upime volti 5 kati ya waya wa umeme na ethi. Zikikosekana, fuata waya hadi kwenye kompyuta. Zikiwepo, kagua waya wa ishara na pini zake, maana kutu ya kijani kwenye pini moja inatosha kupotosha namba yote. Vyote vikiwa safi, hapo sasa nunua sensa.