Kwa nini wanafunzi wa uuguzi hupenda ushirikiano kuliko wenzao wa udaktari?

Je, wajua kwamba mtazamo wa daktari na wa nesi kuhusu kushirikiana kazini hupimwa kwa alama? Watafiti wa chuo cha udaktari cha Jefferson, Philadelphia, Marekani, walitunga dodoso la kauli 15. Unaulizwa, kwa mfano, kama unakubali kwamba daktari awe na kauli ya mwisho katika kila jambo la afya. Alama za chini kabisa ni 15, za juu 60; zikipanda, maana yake unaupenda ushirikiano zaidi.

Wanafunzi wamejaza dodoso hilo katika nchi nyingi, na mara nyingi wa uuguzi huwazidi wa udaktari. Hata walio kazini ni hivyo hivyo: utafiti wa mwaka 2003 uliolinganisha Marekani, Israeli, Italia na Meksiko uliona manesi wakiwazidi madaktari kote.

Si kwamba manesi wana roho nzuri zaidi. Maelezo yanayotolewa sana ni ya madaraka: asiye na kauli ndiye anayeuhitaji ushirikiano, ilhali mwenye kauli haoni anachopungukiwa mambo yakibaki yalivyo. Mwanafunzi wa udaktari analiona hilo mapema. Kwenye raundi ya wodini, wanafunzi wa udaktari ndio humzunguka daktari bingwa na kuulizwa maswali. Nesi aliyekesha na mgonjwa, anayejua nani katapika na nani kakataa dawa, yuko nyuma na mafaili.

Mwaka 1967 daktari wa akili wa Marekani, Leonard Stein, aliandika kuhusu “mchezo” wa daktari na nesi. Usiku nesi anampigia simu daktari wa zamu: mgonjwa amepata habari za msiba wa baba yake, hapati usingizi. Daktari anauliza ni dawa gani iliyomsaidia huko nyuma. Nesi anataja dawa na kipimo chake. Daktari anarudia maneno yale yale kama amri yake, na nesi anashukuru! Ushauri umetoka kwa nesi, sifa kaondoka nayo daktari, na wote wawili wanajua. Stein alisema manesi huanza kuujifunza mchezo huo wakiwa bado chuoni.

Kinachofundishwa kinaweza kufundishwa vingine. Chuo kikuu cha Linköping, Sweden, kilianzisha mwaka 1996 wodi inayoendeshwa na wanafunzi wa udaktari, uuguzi na fani nyingine kwa pamoja, chini ya wasimamizi.

Ifakara, Tanzania, nayo imo katika habari hii. Hospitali yake ilikuwa miongoni mwa nane duniani zilizojaribu orodha ya usalama wa upasuaji ya Shirika la Afya Duniani, ambayo pamoja na mengine humtaka kila aliyemo chumbani ataje jina na kazi yake kabla ya kisu kugusa ngozi. Matokeo ya 2009 yalionyesha vifo vya waliopasuliwa katika hospitali hizo kwa ujumla vimeshuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8.