Mkutano wa hadhara si mkutano mkuu wa kijiji

Juzi tena, ndani ya daladala, kijana ananihakikishia kuwa kijijini kwao uwazi umejaa tele: "Mkutano si ulifanyika, mzee? Mheshimiwa kaja, watu wakafurika, maswali yakaulizwa." Nikamwuliza muhtasari kaandika nani. Akanitazama kana kwamba nimemwuliza rangi ya soksi za mheshimiwa.

Nimekuwa mtendaji wa kijiji miaka mingi, siku hizi nazifunda halmashauri za vijiji, na wimbo huu nimeuchoka. Ule ulikuwa mkutano wa hadhara: spika, kofia, ahadi. Mkutano mkuu wa kijiji ni chombo cha kisheria, mjumbe wake ni kila mkazi aliyefikisha miaka 18, na hukaa kila baada ya miezi mitatu. Halmashauri ya kijiji, wale watu 15 hadi 25, haina ubavu wa kugawa ardhi kabla ya mkutano huo kuidhinisha. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 imelisema hilo bila kumung'unya. Mheshimiwa anaweza kuhutubia mpaka kuku walale, hajaidhinisha kitu.

Baraza la madiwani nalo liko wazi, ndiyo. Unakaa, unasikiliza, unarudi nyumbani. Mengi yalishapikwa kwenye kamati.

Sasa, neno linalonichefua: "waliridhia." Fungua jalada lolote la mihutasari utalikuta. "Wajumbe walipokea taarifa ya mapato na matumizi na kuridhia." Nani aliuliza nini? Zilisomwa shilingi ngapi? Kimya. Niliwahi kuletewa muhtasari wa kugawa mashamba, umebanwa pamoja na karatasi za mahudhurio, majina yamejaa, saini na dole gumba kila mstari. Juu kabisa palipakwa wino mweupe. Nikaiinua karatasi dirishani, mwanga ukapenya: "Ugawaji wa vyandarua." Watu walisaini kupokea neti, wakawa wametoa ardhi.

Ndiyo maana nang'ang'ania yatokanayo, ile ajenda ya kupitia yaliyoandikwa kikao kilichopita. Msikubali mkutano uendelee kabla muhtasari uliopita haujasomwa, neno kwa neno, kwa sauti ya kufika nyuma walikokaa kina mama. Hapo ndipo mtu anasimama na kusema, hili hatukulisema. Na swali liandikwe pamoja na jina la aliyeuliza, maana swali lisiloandikwa mwakani litakuwa halikuulizwa.

Mimi si malaika. Mapato na matumizi nilikuwa nayaweka mwisho, kabla tu ya mengineyo, saa kumi na mbili jioni, watu wanawaza mbuzi hawajafungwa. Nayasoma mbio kama dalali mnadani. Swali? Hakuna. Naandika: waliridhia.

Lipo moja ambalo mpaka leo sijalipatia jibu, nalo ni kupiga kura kwa kunyoosha mikono. Ni uwazi, kila mtu anaona. Lakini anayeona ni pamoja na mwenyekiti, shemeji, na yule anayekukopesha unga. Kwenye kura ya eneo la malisho, mama mmoja alinyanyua mkono ukaishia usawa wa bega. Akageuka, akamwona shemeji yake anamtazama, akauinua wote.

Nilimhesabu.