Upendeleo wa admini: neno hili lina maana gani hasa?

Jioni ya dabi ya Lubumbashi, hapa Kongo, Mazembe na Lupopo wakiwa wamecheza, watu hawajafika hata nyumbani kutoka uwanja wa Kibassa Maliba, simu zimeshaanza kulia. Katika grupu moja ya WhatsApp ya mashabiki ambayo nimo, mtu wa Lupopo alituma sauti ya sekunde kumi na moja akiwaita wenzake wa Mazembe, ambao jina lao la utani ni kunguru, kunguru walionyeshewa mvua. Dakika tatu hazikuisha, sauti ikapotea, pakabaki ule mstari unaosema admini amefuta ujumbe, na jina lake. Baada ya hapo mtu wa Mazembe akaweka picha ya garimoshi lililolala ubavu kando ya reli, maana Lupopo ni timu ya watu wa reli na kila mtu hapa anajua utani huo. Ile picha ipo mpaka leo, na vicheko vimejaa chini yake.

Upendeleo uko kwenye picha iliyobaki. Kufuta sauti peke yake si neno: grupu imeandika "hakuna matusi", na admini akiona kunguru ni tusi, basi afute. Lakini garimoshi nalo ni kunguru yule yule. Kanuni moja ikiwashika hawa na kuwapita wale, kwa kosa lile lile, hapo ndipo tunasema admini anapendelea.

Nasema hivi kwa sababu siku hizi kila anayefutiwa ujumbe analia upendeleo. Admini anayefuta kila tangazo la unga na la mega, yaani bando la intaneti, hata la shemeji yake, huyo ni mkali tu. Mwingine anafanya kazi zamu ya usiku, matusi yanalala humo mpaka asubuhi, huyo amechelewa.

Kupima si kazi ngumu: geuza jezi. Chukua ujumbe uliofutwa, ubadilishe jina la timu, kisha ujiulize kama ungebaki. Ila usipime kwa siku moja. Rudi nyuma mwezi mzima usome, maana mtu yeyote anaweza kukosea jioni ya dabi, hasa timu yake ikiwa imefungwa.

Mara nyingi admini mwenyewe hajui kwamba anapendelea. Sauti ya rafiki yako unaisikia ikicheka. Maneno hayo hayo yakitoka kwa usiyemjua, yanaingia kama tusi. Tena wanaomwandikia pembeni kulalamika ni rafiki zake, kwa hiyo makosa ya upande mmoja anaonyeshwa kila saa na ya upande wa pili hayaoni kabisa. Hakuna anayemlipa, mega ananunua kwa pesa yake, naye ni shabiki kama sisi. Tumempa filimbi mchezaji aliyevaa jezi.

Mimi pia nimewahi kuishika hiyo filimbi. Katika grupu ya lupango yetu, yaani ua tunaokaa pamoja na majirani, huko Katuba, hapa hapa Lubumbashi, mama mmoja jirani aliorodhesha majina ya wasiolipa deni la umeme. Nikafuta, nikaandika kwamba tusiaibishane. Ni kweli, kuaibishana si vizuri. Ni kweli pia kwamba jina la pili lilikuwa la dada yangu, na wiki iliyotangulia orodha ya wasiofagia ua niliiacha ikae.

Filimbi yenyewe imekuwa nzito. Tangu 2018 admini wa WhatsApp anaweza kuifunga grupu waandike maadmini peke yao, na tangu 2022 anaweza kufuta ujumbe wa mtu yeyote ukapotea kwa wote. Mwaka huo huo grupu iliruhusiwa kufika watu 1,024, idadi ya mtaa mzima. Ndiyo, mtu akiondolewa wote tunaona nani kamwondoa. Malalamiko ambayo admini ameyasoma akanyamaza, hayo hayaachi mstari wowote.

Wengine husema dawa ni kuweka maadmini wawili, mmoja wa Mazembe na mmoja wa Lupopo. Inasaidia, kwa sababu kila mmoja atachelea kufuta akijua mwenzake anaangalia. Lakini aliyeunda grupu hawezi kuondolewa na maadmini wengine. Mpaka atoke mwenyewe. Siku wakigombana, tunajua nani atabaki.

Yule wa kunguru aliuliza swali moja tu: "Na ile picha, papa?" Akaondolewa. Wiki iliyofuata akafungua grupu yake, akaniingiza na mimi. Kanuni ya kwanza kwenye maelezo inasema hakuna matusi. Picha ya grupu ni kunguru amelala chali, miguu juu.