Kopo lililotakiwa kuwa tupu

Mlango wa ndege ulipofungwa tu, mhudumu akatokea nyuma na makopo mawili, moja kila mkono, akapita mbiombio kati ya viti. Mama wa makamo niliyekaa naye akajiziba pua kwa khanga.

"Mwanangu, ndiyo wanatupulizia kama mende?"

"Si sisi, mama. Ni mbu aliyeingia wakati wanapakia mizigo."

Wadudu wanaosafiri na vyombo ndiyo kazi yangu, na swali hilo nimelizoea. Mwaka 1930 Anopheles gambiae, mbu wetu wa Afrika, alionekana Natal, Brazili. Malaria aliyoieneza iliua maelfu, na hakufutika kule hadi 1940. Huyo yaelekea alipanda meli. Waliopanda ndege walileta kisa Paris kiangazi cha 1994: watu 6 waliugua malaria uwanja wa Charles de Gaulle na jirani zake, bila kukanyaga nchi yenye ugonjwa huo.

Dawa inayotumika sana ni d-fenothrini ya asilimia 2, iliyotengenezwa maabara kwa kuiga sumu ya maua ya pareto. Makopo ya kwanza ya kupuliza, yaliyobuniwa Marekani wakati wa Vita Kuu ya Pili, yalibeba pareto yenyewe pamoja na mafuta ya ufuta, vitu ambavyo mkulima wa kwetu hahitaji kuelezwa.

Kinachoharibu kazi ni haraka. Kipimo ni gramu 35 kwa kila mita za ujazo 100, na kopo hutoa gramu 1 hivi kwa sekunde. Kwa hiyo mpulizaji hatakiwi kuzidi safu moja ya viti kwa sekunde, makabati ya juu yakiwa wazi na kiyoyozi kimezimwa. Wetu aliruka safu tatu tatu, makabati yamefungwa. Ndiyo maana naipenda zaidi njia ya kupaka permethrini, dawa nyingine ya jamii hiyohiyo, kwenye kuta na zulia ndege ikiwa haina abiria: hukaa wiki 8 na haimtegemei mtu mwenye haraka.

Namba za makopo huandikwa kwenye cheti, na makopo yenyewe hutunzwa ili afisa afya ayaone tukifika. Wakati wa kushuka niliyakuta jikoni mwa ndege, nikaomba kushika moja. Nikalitikisa. Dawa ikachapa ndani, karibu nusu kopo. Cheti kilikuwa kimeshajazwa na kutiwa saini.