Jeraha ndilo dogo, si upasuaji

Juzi nimesikia tena: "Ana kizazi cha pembe mbili, lakini ni upasuaji mdogo tu wa matundu, jioni yuko nyumbani." Sentensi moja, na karibu kila neno limekaa pasipo pake.

Jambo lenyewe, yaani upasuaji wa kurekebisha umbo la kizazi, laelezeka kwa ufupi. Mtoto wa kike akiwa bado tumboni, kizazi chake huanza kama mirija miwili, iitwayo mirija ya Müller kwa jina la Mjerumani Johannes Müller aliyeieleza mwaka 1830. Mirija huungana, kisha ukuta wa katikati huyeyuka. Hatua mojawapo ikikwama, msichana huzaliwa na kizazi chenye umbo lisilo la kawaida. Baadhi ya maumbo hayo hurekebishwa kwa kamera na vifaa vyembamba, bila kufungua tumbo.

Sasa hilo neno "mdogo". Hospitalini kwetu upasuaji mdogo ni kupasua jipu au kushona mkato kwa ganzi. Huu tunaouzungumzia mara nyingi hufanyiwa chumba kikuu cha upasuaji, mgonjwa akiwa amelazwa kwa nusukaputi. Na matundu? Laparoskopi, kamera ya kutazama ndani ya tumbo, ndiyo inayotoboa tumbo, karibu na kitovu. Histeroskopi, kamera ya kutazama ndani ya kizazi, haitoboi popote. Inapita ukeni na kwenye mlango wa kizazi, njia iliyokuwepo tangu mwanzo. Jina ni la Kigiriki: histera ni kizazi, skopein ni kutazama. (Histera hiyohiyo ndiyo iliyozaa neno histeria, enzi ambazo waganga waliamini kizazi kinazurura mwilini na kumtia mwanamke wazimu. Bado wapo wanaoamini.)

Linalonikera kuliko yote ni "pembe mbili" kutumika kwa kila kizazi kilichogawanyika. Kuna septamu, kutoka neno la Kilatini lenye maana ya uzio. Hapo kizazi kwa nje ni kimoja, juu hakina bonde. Ndani ndimo mna kiambaza kinachokigawa, kama chumba kilichokatwa kuwa viwili. Chenye pembe mbili kimebonyea kwa nje pia, juu kabisa, kama kopa ya karata. Kiambaza chaweza kukatwa kwa histeroskopi. Kata katikati ya pembe mbili, nawe umetoboa ukuta wa kizazi na kutokea tumboni. Picha ya eksirei yenye dawa huonyesha uwazi wa ndani peke yake, kwa hiyo hali hizi mbili hufanana mno. Ultrasaundi ya pande tatu au MRI (picha ipigwayo kwa sumaku) ndiyo inayoonyesha umbo la nje.

Hata kiambaza hakikatwi kwa sababu tu kimeonekana. Utafiti uliochapishwa mwaka 2021, wa wanawake 80, haukuona kwamba waliokatwa walipata watoto zaidi ya walioachwa. Madaktari bado wanabishana.

Basi dada yangu, usiandikishe kliniki kwamba "nilifanyiwa kaupasuaji kadogo". Sema ulikatwa kiambaza cha kizazi kwa kupitia mlango wa kizazi, na mwaka gani. Kizazi kilichowahi kukatwa, ingawa ni mara chache, kinaweza kuchanika wakati wa ujauzito au uchungu, na mkunga hataliona kovu hilo kwa kukutazama tumbo.